Punda Namba Nne na Nadharia ya Musila

Jumatatu, 7 Juni 2004

Leo ni siku kubwa Kitengela! Mkuu wa shule ametangaza kwamba tumekubaliwa katika Mpango wa Watafiti Chipukizi. Wanafunzi wa kidato cha tatu, wawili wawili, watafanya utafiti wa kweli kama watu wa chuo kikuu. Kila kundi litakuwa na mwalimu mmoja wa kulilea. Daktari Kathini, mtafiti wa mifugo kutoka Nairobi, atakuwa akija kuwaongoza. Mwezi ujao makundi yote ya wilaya yatakutana Kajiado mbele ya majaji. Washindi watapelekwa Naivasha, kwenye kituo cha utafiti, wiki nzima, pamoja na mlezi wao.

Niliposikia "pamoja na mlezi wao" mkono wangu ulikuwa tayari juu. Mkuu akaniuliza kama nimesahau kwamba mimi nafundisha Kiswahili. Nikamjibu kwamba sayansi isiyo na lugha ni bubu. Akanyamaza. Ama nilimshinda, ama alikuwa amechoka. Kwa Mkuu ni vigumu kutofautisha.

Madam Mugure wa Bayolojia naye aliinua mkono. Huku anatabasamu. Simpendi akitabasamu.

Nimezunguka nyumba tangu chai ya jioni. Siwezi kukaa. Mke wangu Nzembi ameniuliza natafuta nini. Nimemwambia natafuta mada ya utafiti. Akasema nikishaangalia chini ya viti nimtafutie na mwiko wake.

Jumatano, 9 Juni

Nimepewa wasichana wawili. Fosiya ni binti ya Mzee Khalif, yule mwenye mikokoteni ya punda inayosambaza maji mtaani. Anaongea bila kuogopa. Katee haongei kabisa, yeye huangalia tu. Afadhali angeongea.

Nilikuwa nimewaandalia mada tatu: dawa ya malaria, sababu ya mvua kukosa, na umeme wa upepo. Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Halafu Fosiya akasema wao wanataka kujua kwa nini punda wa baba yake wanapata vidonda kifuani na mabegani, mahali mkanda wa mkokoteni unaposugua, na ni matandiko gani yakiwekwa chini ya mkanda yatawasaidia.

Punda! Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema punda mwenye kidonda anavuta kwa shida, na siku asipovuta kuna watu hawapati maji. Kisha akasema, "Na tena inamuuma, mwalimu. Hata wewe ukimwangalia utaona."

Nimekubali, lakini roho haijatulia. Wanafunzi wa Madam Mugure wanatengeneza makaa kutokana na mabaki ya maua ya zile greenhouse za wakulima wa maua. Maua! Sisi tuna vidonda vya punda. Lazima kitu kifanyike kuinua mada yetu.

Ijumaa, 11 Juni

Nimeipata! Ngozi ya kondoo! Jirani yangu ameiweka kwenye kiti cha baiskeli yake na sijawahi kumsikia akilalamika. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Sikungoja. Asubuhi kwenye paredi nikasimama mbele ya shule nzima na kutangaza kwamba kundi letu liko karibu kuthibitisha Nadharia ya Musila, yaani mimi, isemayo kwamba ngozi ya kondoo ndiyo matandiko bora ya punda Afrika Mashariki. Makofi! Kidato cha kwanza walipiga makofi sana.

Baada ya paredi Fosiya alinifuata na kuniambia kwamba bado hawajaanza. Nikamwambia kujiamini ni nusu ya sayansi. Akauliza nusu ya pili ni nini. Kengele ikalia. Nashukuru kengele.

Jumatano, 16 Juni

Daktari Kathini alikuja leo. Nilikuwa na mpango mzuri. Mapema nilimpitia askari wa geti, mzee wa Kimaasai mwenye adabu zake. Akanisalimu "Supa," nikaitika "Ipa," nikamwagiza kwamba Daktari akifika amlete kwangu moja kwa moja, na akiulizia Madam Mugure, aambiwe ni mgonjwa, ameenda kliniki. Alitikisa kichwa kwa kila neno. Nikajua ameelewa.

Ameelewa nini! Saa nne akaja chumba cha walimu, Daktari mkono wa kulia, Madam Mugure mkono wa kushoto. Akaninyooshea kidole na kumwambia Madam, "Huyu ndiye alisema wewe uko mgonjwa."

Nikasema nilimwona ana macho mekundu jana. Madam Mugure akatabasamu.

Daktari ni mwanamke mfupi, viatu vya vumbi, hapotezi maneno. Wasichana walimweleza: punda ni sita. Wawili watavaa ngozi ya kondoo, wawili blanketi kuukuu lililokunjwa, wawili waendelee na gunia lao la kila siku. Vidonda vitapimwa Jumatatu na Ijumaa. Akafurahi. Akanigeukia mimi na kuniuliza kontroli yetu ni ipi. Nikamjibu kwamba kontroli ni mimi, na kwamba katika nidhamu sina mchezo.

Katee akaangalia viatu vyake. Kumbe kontroli ni wale punda wa gunia, wasiobadilishiwa kitu ili wengine walinganishwe nao! Mtu angejuaje?

Kabla ya kuondoka Daktari aliniita kando. Alisema kazi ya mlezi ni kuuliza maswali, si kugusa kitu. Pia aliwaambia wasichana kwamba punda yeyote ambaye kidonda chake kitazidi, atolewe kwenye utafiti siku hiyo hiyo na atibiwe.

Jumatatu, 21 Juni

Janga!

Punda wa blanketi wanapona. Wa gunia wako vilevile. Wa ngozi ya kondoo wanazidi kuumia! Fosiya anasema maji yanamwagika kutoka kwenye mitungi, ngozi inalowa, halafu jua la Kitengela linaikausha inakuwa ngumu kama bati. Aliye na hali mbaya zaidi ni yule tuliyemwandika Namba Nne. Kidonda chake nimekiona. Sipendi kukiandika hapa.

Nadharia ya Musila! Mbele ya paredi nzima!

Nilipendekeza kwamba labda vidonda vipimwe kutoka mbali kidogo, ili kupata picha pana. Katee akajisemea kwa Kikamba kwamba basi twende tukavipimie Athi River. Alisahau ninaitwa Musila, Mkamba mwenzake. Nilijifanya sikusikia.

Fosiya alitaka kumtoa Namba Nne leo leo, kama Daktari alivyosema. Nikamwambia asubiri mpaka Ijumaa. Akasema anaumia. Nikasema najua, ndiyo maana nasema Ijumaa. Hata mimi sikuelewa nilimaanisha nini, lakini nilisema kwa sauti ya mwalimu na akatii.

Nimekula nimesimama. Nzembi amesema nikae ama nitoke nje, namtia kizunguzungu.

Alhamisi, 24 Juni

Suluhisho lilikuja nikinyoa ndevu. Shemeji yangu Kiema, anayekaa kule mwisho wa mji karibu na mbuga, ana punda wa kijivu. Namba Nne ni wa kijivu. Nikimpeleka Namba Nne kwa Kiema akapumzike na kupona, na yule wa Kiema akavaa ngozi badala yake, nani anaumia? Hakuna! Huruma na sayansi kwa pamoja!

Nilienda mchana, wakati waendesha mikokoteni wako hotelini wakila. Punda wa Kiema hakutaka kutembea. Nilimvuta. Nilimsukuma. Nilimsemesha kwa Kiswahili sanifu. Karibu na kisima cha pampu aliamua kukimbia, na mimi nikaamua kutoachilia kamba, tukaishia mtaroni. Suruali yangu ya kaki haifai tena. Lakini kufikia saa nane Namba Nne mpya alikuwa amefungwa mahali pake kwa Mzee Khalif, amenona, kifua safi!

Namba Nne wa zamani nilimfunga nyuma ya nyumba ya Kiema, na majani tele. Alikuwa mpole. Alinifuata njia yote bila kuvutwa, hatua kwa hatua, kidonda kikiwa na nzi. Kiema alinionya kwamba upande ule simba hupita wakitoka mbugani. Nikamwambia simba wanapenda ng'ombe.

Ijumaa, 25 Juni

Nilifika kwa Mzee Khalif kabla ya wasichana. Walipokuja kupima, nilikuwa nimejiandaa na uso wa mshangao.

Fosiya alisimama mbele ya punda. Akaangalia kifua. Akaangalia masikio. Akazunguka nyuma. Nikapaza sauti: amepona! Tazameni! Ngozi ya kondoo imefanya kazi!

Fosiya akasema, "Na amekuwa jike pia, mwalimu?"

Nikainama. Kweli.

Nilisema sayansi ina mambo yake. Hakuna aliyecheka. Fosiya akaniuliza polepole, bila hasira, "Yule wetu uko naye wapi?" Nikamwambia yuko mahali salama, anapumzika, kesho atarudi. Akachukua rula yake na kwenda kuwapima wale wengine. Katee alibaki ananiangalia. Ningependa angesema kitu, hata kwa Kikamba.

Jumamosi, 26 Juni

Kiema amekuja asubuhi na mapema, anahema. Kamba imekatika. Namba Nne hayuko.

Kabla sijavaa viatu vyote viwili, Mzee Khalif akabisha mlangoni, na Fosiya nyuma yake. Nzembi alimkaribisha, akamwekea chai. Hakuigusa. Aliongea akiwa amesimama. Sitasahau.

"Mwalimu, mimi nilikupa mtoto umfundishe. Sijakupa punda. Hiyo punda imevuta maji ya hawa watoto wakisoma. Ikionekana, sawa. Isipoonekana mpaka Jumatatu, Fosiya hatakuja tena kwa hiyo kazi yako. Kajiado haendi."

Fosiya alikuwa anaangalia chini. Nzembi alikuwa ananiangalia mimi.

Tulitafuta mchana kutwa kwenye nyanda, mimi, Kiema, Fosiya na Katee. Upepo, vumbi, miiba. Tuliwaona pundamilia wengi sana, na kila mara moyo wangu uliruka na kurudi chini. Fosiya alitangulia mbele akiita, "Farasi! Farasi!" Nikamuuliza Katee kwa nini anaita farasi na tumepoteza punda. Katee akanijibu, mara ya kwanza kunijibu kitu: hilo ndilo jina lake. Fosiya alimpa akiwa mdogo, kwa sababu alitamani farasi.

Kumbe ana jina. Sikuwa najua.

Alasiri tukapata mifupa. Nilikaa chini. Kiema akaigeuza kwa fimbo na kusema ni ya ng'ombe, tena ya zamani, ya ule ukame. Nilitaka kuinuka lakini sikuweza mara moja. Fosiya aliniona. Akaja akanipa chupa yake ya maji, nikanywa, akaichukua, akaendelea kuita.

Jumapili, 27 Juni

Amepatikana!

Sikwenda kanisani. Kulipopambazuka nilitoka kwenda kutafuta tena, na nikapitia kisimani kunawa uso. Mikokoteni ilikuwa imepangwa kwenye foleni, na mwanzoni mwa foleni alisimama punda mmoja wa kijivu bila mkokoteni, bila kamba, anangoja zamu yake ya kujaziwa maji! Mwenye pampu aliniambia alimkuta hapo alipofungua. Amepita kwenye simba na fisi na kuripoti kazini. Na kidonda juu!

Nilimkumbatia shingo. Watu walinitazama. Wacha watazame.

Fosiya alikuja mbio bila viatu. Alimshika Farasi masikio yote mawili na kuweka paji la uso wake kwenye paji la uso wa punda, wakakaa hivyo. Halafu akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi na kumpaka dawa. Matandiko ya ngozi akayatupa kwenye mtaro, yote, na ya yule punda mwingine pia.

Mzee Khalif amesema mtoto aendelee. Ila mimi nisikanyage kwake. Naona hilo ni jambo la kujadiliana baadaye hasira zikipoa.

Punda wa Kiema karudi nyumbani. Yeye peke yake ndiye amenufaika na utafiti huu. Kanona zaidi.

Jumatano, 7 Julai

Ijumaa ni Kajiado na sina usingizi, sina hamu ya kula. Niliwashauri wasichana leo kwamba Namba Nne asitajwe kabisa. Waseme punda walikuwa watano tangu mwanzo. Tano ni namba nzuri. Ina heshima.

Fosiya alisema walikuwa sita na watasema sita. Nikamwambia wakisema sita, majaji watauliza wa sita alienda wapi. Akasema ndiyo, watauliza. Nikamuuliza na wewe utawajibu nini? Akasema bado anafikiria.

Bado anafikiria! Nimemwomba Nzembi aniombee. Amesema ameanza kitambo, tangu tuoane.

Ijumaa, 9 Julai

Nimerudi kutoka Kajiado. Niandike haraka kabla sijalia.

Ukumbi ulijaa. Shule za Loitokitok zilikuwepo, za Ngong, za Namanga. Kundi la Madam Mugure lilichemshia majaji chai kwa makaa ya maua, ikachemka vizuri, na majaji wakainywa. Rushwa! Lakini hakuna aliyeiita hivyo. Nilikunywa kikombe kimoja, ili kuchunguza. Ilikuwa tamu.

Halafu wasichana wangu. Katee aliongea! Sauti ndogo lakini imenyooka. Alionyesha vipande vitatu vya matandiko, akaeleza blanketi linavyonyonya jasho na kubaki laini, na ngozi inavyolowa na kukauka kama ubao. Kisha akasema, mbele ya wilaya nzima, kwamba walidhani ngozi ingekuwa bora na walikosea. Hakutaja ni nani aliyedhani. Nilimwangalia mzee aliyekaa karibu nami kana kwamba ni yeye.

Fosiya akamalizia. Alisema punda walikuwa sita lakini vipimo vya Ijumaa moja vya punda mmoja wamevitoa, na baada ya hapo punda huyo hakurudi kwenye utafiti, kwa sababu mtu aliingilia. Jaji mwenye miwani akainua kichwa. Akauliza ni mtu gani, na aliingilia kwa nini.

Niliangalia dari. Dari ya ukumbi ule imepakwa rangi nyeupe. Ina buibui.

Fosiya alimtazama jaji yule. Kisha akasema, "Ni mtu aliyetaka sana tushinde."

Jaji akatazama ukumbi, akatazama walimu tulivyopangana, akaandika kitu na kusema asante. Basi. Hilo tu.

Wameshinda! Nafasi ya kwanza! Jaji alisema blanketi kuukuu liko katika kila nyumba, na kwamba kundi linalosema lilipokosea ndilo analoliamini linaposema limepatia. Niliruka juu. Kiti kilianguka. Nilikuwa njiani kwenda jukwaani, mikono juu, tayari nimeshaona bafu la maji moto la Naivasha, Daktari Kathini aliposhika kipaza sauti na kutangaza kwamba kwa sababu washindi ni wasichana, na kwa sababu nyingine ambazo hana haja ya kuzitaja, mlezi atakayeandamana nao ni Madam Mugure.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi. Nikajifanya naelekea chooni.

Nje nikamkuta Mzee Khalif. Alikuja bila kumwambia mtu, akasimama mlangoni muda wote. Macho yalikuwa yamemlowa, akasema ni vumbi. Mikokoteni yake yote sasa ina blanketi, na wenye punda wengine kisimani wameanza kuuliza. Nilijua wakati wa upatanisho umefika. Nikampa mkono. Akaupokea, akaushika, akasema, "Wewe mwalimu, roho yako iko sawa. Lakini punda zangu, tafadhali."

Nimelichukua kama pongezi.

Jumatatu, 12 Julai

Mkuu ameniita ofisini. Alisema Daktari Kathini amempigia simu na wamezungumza juu yangu kwa muda mrefu. Nikasema ni heshima. Akasema si heshima. Mwaka ujao mpango unaendelea, lakini mimi nirudi kwenye Kiswahili na nisitoke huko. Nilitikisa kichwa kwa kila neno, kwa adabu, akajua nimeelewa.

Nimetembea uwanja wa shule mizunguko kadhaa. Hewa ilikuwa nzuri. Mwaka ujao ni mbali, na Mkuu husahau. Daktari naye ana shule nyingi. Kosa letu mwaka huu lilikuwa moja tu, punda. Punda ana jinsia, ana mwenyewe, ana miguu ya kutoroka. Nyuki hawana mambo hayo! Nimempata mzee wa Kimuka mwenye mizinga, na Kiema amekubali kuniwekea michache nyuma ya nyumba. Nzembi amehamia kwa dada yake mpaka nieleze vizuri.

Nadharia ya Musila ya Nyuki: nyuki wanaosomewa mashairi hawaumi. Nimeshaiandika vizuri, na tarehe ya ushindi nimeiacha wazi. Matokeo tayari niko nayo. Kilichobaki ni wanafunzi wawili wa kuyatafuta.